RAID imegoma: dalili, chanzo na namna ya kuokoa data

RAID ni diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Kundi hilo likianguka, faili kurudi au kutorudi huamuliwa zaidi na kile kitakachoandikwa juu ya diski hizo katika saa chache zinazofuata. Diski moja kufa si ajabu. RAID 5 ilibuniwa kubeba msiba huo, na RAID 6 hubeba miwili. Kinachozishinda ni kitufe cha “Initialize” (kuanzisha kundi upya) kilichobonyezwa kwa hofu, diski zilizohamishwahamishwa kwa kubahatisha, au fsck, programu ya kukarabati mfumo wa faili, iliyoachiwa irekebishe kundi lililounganishwa vibaya. Kwa hiyo utaratibu ni huu tangu mwanzo hadi mwisho: soma, nakili, ndipo ujaribu, na kila jaribio lifanyike juu ya nakala.

## Kabla ya kugusa chochote

Ikiwa faili bado zinafunguka, usizime mashine. Hamisha kwanza zile zisizo na nakala kwingine, ukianza na zenye thamani kubwa, kwa sababu diski iliyochoka inaweza kukataa kuamka baada ya kuzimwa. Ikiwa faili hazifunguki tena, zima. Mashine iliyoachwa ikiwaka inaweza kuanza kujenga upya kundi yenyewe, hasa kama kuna diski ya akiba.

Bandika kwenye kila diski namba ya nafasi iliyotoka, na uandike pembeni namba ya mfululizo iliyo kwenye lebo yake. Piga picha kila skrini ya kontrola (kadi inayoongoza kundi) kabla ya kubadilisha mpangilio wowote. Tafuta pia ile diski “mbovu” iliyoondolewa zamani na kutupwa kabatini. Huenda ikahitajika, na hata isipohitajika ni lazima ijulikane ili isije ikachanganywa na nzima.

## Pariti, kwa kifupi

Maelezo yote yanayofuata yanaegemea hapa. Chukua kundi la RAID 5 lenye diski 3. Mahali fulani diski ya kwanza ina biti 1011 na ya pili 0110. Pariti ni hesabu ya ziada inayorudisha kilichopotea. Hupatikana kwa XOR, yaani biti zikifanana huandikwa 0, zikitofautiana huandikwa 1, hivyo ya tatu inapata 1101. Diski ya pili ikipotea, 1011 na 1101 zinarudisha 0110 bila kukosea.

Hesabu hiyo hufanyika kwa kila mahali peke yake, na pariti haikai kwenye diski moja bali huzunguka kati ya zote. Ili faili zisomeke, lazima ijulikane mpangilio wa diski, ukubwa wa kipande (mara nyingi kati ya KB 64 na KB 512), namna pariti inavyozunguka, na sekta (sehemu ndogo kabisa ambayo diski husoma) ambayo data zinaanzia. Kimoja kikikosewa, kinachotoka ni takataka, hata kama hakuna biti moja iliyopotea.

RAID 0 haina pariti wala nakala, hivyo kila diski inahitajika. RAID 1 ni nakala kamili, na diski moja inatosha. RAID 10 inastahimili kifo cha diski moja katika kila jozi, lakini jozi nzima ikifa, kundi limekwenda.

## Onyo la “Degraded” limetokea, faili bado zinafunguka

“Degraded” maana yake kundi linafanya kazi likiwa pungufu: diski moja imetoka. Kishawishi hapa ni kuchomeka mpya mara moja na kuanza ujenzi. Subiri. Ujenzi upya husoma kila sekta ya diski zote zilizobaki, pamoja na maeneo ambayo pengine hayajasomwa kwa miaka. Katika kundi la diski 4 za TB 4, hizo ni TB 12 za kusoma bila kukosea. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutaja kiwango cha kosa moja lisilorekebishika kwa biti 10^14, ambazo ni kama TB 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko kiwango hicho, lakini kumbuka kwamba zilizobaki zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa na zimefanya kazi ileile kwa muda uleule.

Nakili data nje kwanza. Kisha pima afya ya kila diski iliyobaki kwa `smartctl -a /dev/sdb`, ukitazama mistari minne:

- Namba 5, sekta zilizokwishahamishwa. Idadi ndogo isiyokua inavumilika.
- Namba 197, sekta zinazosubiri. Hii ndiyo ya kuogopa, kwa maana kuna mahali diski imeshindwa kusoma.
- Namba 198, sekta zisizosomeka katika ukaguzi wa ndani.
- Namba 199, makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani kati ya diski na kompyuta. Hapa shaka huenda kwanza kwenye kebo, si kwenye diski. Hesabu hii hairudi sifuri, kwa hiyo linalotazamwa ni kama inaongezeka.

Diski yoyote iliyobaki ikiwa na namba 197 juu ya sifuri, usijenge upya. Inakili nzima kwenda diski nyingine kwanza, kwa njia iliyoelezwa hapa chini, na ile nakala ndiyo iingie kwenye ujenzi badala yake.

## Diski mbili au zaidi zimetoka kwa mpigo

Diski mbili hufa kwa dakika moja mara chache sana. Zikitoka pamoja, shuku kile zinachotumia kwa pamoja, yaani kebo, usambazaji wa umeme, bodi ya nyuma ambayo trei huchomekwa, au kadi ya kontrola yenyewe. Kebo moja ya SAS inaweza kubeba diski 4, na ikilegea zote 4 zinapotea. Katika Linux, `dmesg` huonyesha mlolongo, na muda wa matukio ukilingana kwa sekunde, umepata mwelekeo.

Tengeneza chanzo hicho, kisha, kabla ya kuwasha kundi, tazama maelezo ya kundi yaliyoandikwa kwenye kila diski (kumbukumbu za kundi), kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux:

`mdadm --examine /dev/sdb1`

Linganisha mistari ya “Events” na “Update Time”. Diski zenye namba ya matukio inayolingana, au inayopishana kidogo, zilikuwa pamoja hadi dakika ya mwisho. Hizo zinaweza kuunganishwa kwa `mdadm --assemble --force`, ambayo huchukua zile zenye taarifa mpya zaidi na kuzirudisha hai. Amri hiyo huandika juu ya kumbukumbu za kundi, kwa hiyo iendeshwe juu ya nakala au juu ya tabaka la muda, linaloelezwa hapa chini.

Diski yenye namba iliyoachwa mbali ilitoka siku au miezi iliyopita bila mtu kugundua. Data zake ni za kale. Ukiiingiza kwa nguvu, pariti yake haitapatana na wenzake, na kila faili iliyobadilishwa tangu ilipotoka itaharibika ikisomwa. Iache pembeni, ibaki kuwa chaguo la mwisho kabisa.

## Ujenzi upya umekwama katikati

Hii ndiyo hali inayowakatisha watu tamaa mapema kuliko inavyostahili. Diski moja ilikufa, mpya ikawekwa, ujenzi ukafika asilimia fulani, kisha diski ya pili ikashindwa kusoma sekta kadhaa na kontrola ikaitoa. Skrini inasema “Failed”. Ukweli ni kwamba diski ya pili haijafa. Ina majeraha machache, huku sehemu kubwa mno ikiwa salama. Kontrola haina subira, ikikuta kosa huihukumu diski nzima. Wewe unaweza kuwa na subira.

Kazi hii hufanywa na GNU ddrescue, programu ya kunakili diski zenye majeraha. Iendeshe kwa kila diski ya kundi, kuanzia ile dhaifu:

`ddrescue -d -n /dev/sdb /kazi/sdb.img /kazi/sdb.map`

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb /kazi/sdb.img /kazi/sdb.map`

Mzunguko wa kwanza huchukua kilicho rahisi na kuruka palipo pagumu, ili sehemu kubwa iwe mkononi kabla diski haijachoka. Wa pili hurudia majeraha. Ile faili ya ramani ndiyo roho ya kazi nzima. Inaandika kipi kimesomwa na kipi hakijasomwa, na ukikatizwa unaendelea ulipoishia. Usiifute hata baada ya kumaliza.

Sasa tazama pia ile diski ya kwanza, iliyotangulia kutoka. Ikiwa inasomeka hata kwa sehemu, nayo inakiliwe. Kwa kuwa pariti huhesabiwa mahali kwa mahali, diski mbili zenye majeraha katika RAID 5 zinaweza kukamilishana. Pale ya pili iliposhindwa, wenzake pamoja na ya kwanza hutoa jibu, mradi majeraha hayakuangukia mahali pamoja na eneo hilo halikuandikwa upya tangu ya kwanza ilipotoka.

Lipo jambo moja linalopotea kirahisi. Sekta ambazo ddrescue haikuzipata hubaki sifuri ndani ya nakala. mdadm ikisoma nakala hiyo haijui kwamba zile sifuri ni pengo. Inazichukua kama data halali, wala haiendi kuhesabu pariti. Hivyo kundi litawaka kwa amani huku faili fulani zikiwa na matundu. Ndiyo sababu programu za uokoaji zinazoweza kupokea ramani ya sekta mbovu hutoa matokeo bora katika hali hii: zinajua wapi pa kutumia pariti na wapi pa kuamini diski. Ukitumia mdadm peke yake, walau tafuta kutoka kwenye ramani ni faili zipi zimeguswa, uzikague moja moja.

## Kufanya kazi juu ya tabaka la muda

Kunakili kundi zima kunahitaji nafasi kubwa, na kila jaribio likiharibu nakala, itabidi unakili tena. Linux ina njia ya kuepuka hilo. Nakala inabaki kusomwa tu, na kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye faili pembeni:

`losetup -r -f --show /kazi/sdb.img`

`truncate -s 50G /kazi/sdb.ovr`

`losetup -f --show /kazi/sdb.ovr`

`echo "0 $(blockdev --getsz /dev/loop1) snapshot /dev/loop1 /dev/loop2 P 8" | dmsetup create sdb_ovr`

Hapa loop1 ni nakala na loop2 ni faili ya pembeni. Weka namba ambazo losetup imekurudishia. Unganisha kundi kwa kutumia `/dev/mapper/sdb_ovr` na ndugu zake. Jaribio likienda vibaya, futa tabaka, anza upya, nakala haijaguswa. Ningependa kila mtu anayesimamia seva aifanyie mazoezi njia hii siku ambayo hakuna kilichoharibika, kwa faili ndogo za majaribio.

## Diski zinatoka kundini moja baada ya nyingine, lakini zikipimwa ni nzima

Mara nyingi chanzo ni kutopatana kwa muda wa kusubiri. Diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sekta ngumu inaweza kuhangaika nayo kwa zaidi ya dakika. Kerneli ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha hudhani diski imekufa na kuukata muunganisho. Diski za seva hukubali kushindwa baada ya sekunde kama 7, na kundi linakwenda kutafuta jibu kwenye pariti.

Jaribu `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`. Hizo 70 ni sehemu za kumi za sekunde. Diski ikikataa, ongeza subira ya kerneli: `echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`. Mipangilio hii kwa kawaida haibaki baada ya kuzimwa, kwa hiyo iwekwe kwenye hati inayoendeshwa mashine inapowaka.

## Kontrola inaonyesha “Foreign”

Diski zimebeba maelezo ya kundi ambayo kadi haiyatambui kuwa yake. Hutokea baada ya kubadilisha kadi, kuhamisha diski kwenda seva nyingine, au umeme kukatika vibaya. Kuna chaguo mbili, “Import” na “Clear”. Ya pili hufuta maelezo ya kundi. Usiiguse. Kabla ya ile ya kwanza, soma orodha ya diski ambazo kadi inataka kuziingiza. Ikiwa ndani yake kuna diski iliyotoka zamani, ichomoe kwanza.

Kadi ikitaja kashe (kumbukumbu yake ya muda) iliyohifadhiwa, maana yake kuna maandishi ambayo hayakufika kwenye diski umeme ulipokatika, na betri bado inayashikilia. Rudisha diski zilezile kwenye nafasi zake ili yaandikwe. Ukiyatupa, faili zilizokuwa zikiandikwa wakati ule zitabaki nusu.

## Kifaa cha NAS hakiwaki, diski ni nzima

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na inasikitisha kuona inavyogeuzwa janga. NAS ni kisanduku cha diski kinachohifadhi faili kwenye mtandao. Vifaa vingi vya Synology na QNAP huendesha Linux, vikitumia mdadm, na mara nyingi LVM, programu ya kugawa nafasi ya diski, juu yake. Usichomeke diski kwenye kifaa kipya na kukubali kinapotaka “kuandaa” diski. Ziunganishe na kompyuta yenye Linux:

`mdadm --assemble --scan --readonly`

`vgchange -ay`

Utaona makundi madogo ya RAID 1 yanayobeba mfumo wa kifaa; yaache. Data ziko kwenye lile kubwa. Lifungue kwa kusoma tu, kulingana na mfumo wa faili uliomo: `mount -o ro,noload` kwa ext4, `mount -o ro,norecovery` kwa XFS. Ikiwa data zilifichwa kwa usimbaji, utahitaji ufunguo. Bila huo hakuna fundi atakayesaidia. Na Windows ikiomba kufomati diski hizi, kataa.

## Kundi limewaka, lakini faili hazifunguki au zimeharibika

Kabla ya kurekebisha chochote endesha `fsck -n` au `xfs_repair -n`, ambazo hutazama bila kuandika. Makosa machache baada ya umeme kukatika ni ya kawaida. Makosa yanayomiminika bila kikomo yanamaanisha kwamba mpangilio wa kundi si sahihi, na ukiruhusu ukarabati, programu itavunja mfumo wa faili uliokuwa mzima.

Faili zenyewe hueleza kosa lilipo. Ikiwa ndogo zinafunguka lakini picha na video zinaharibika baada ya sehemu ya mwanzo, mpangilio wa diski au ukubwa wa kipande umekosewa: faili ndogo kuliko kipande imekaa diski moja na haijali mpangilio. Ikiwa za mwaka jana ni safi na za miezi ya karibuni ni mbovu, kuna diski ya kale imeingia kundini. Iondoe, wacha pariti ifanye kazi yake, utazame tena.

Kwa ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, `zpool import -o readonly=on` ndiyo hatua ya kwanza. Ikishindwa, `zpool import -F -n` hueleza kama kurudi nyuma kidogo kungesaidia, bila kufanya lolote. Kamwe usiendeshe `zpool create`.

## Kundi jipya limeshaundwa juu ya la zamani

Acha kila kitu, zima. Hali ni mbaya lakini huenda si mwisho. Mtu akiendesha `mdadm --create` kwa RAID 5 bila `--assume-clean`, ujenzi wa mwanzo husoma diski zote isipokuwa moja, na kuandika juu ya hiyo moja. Zilizobaki hupoteza kumbukumbu za kundi tu, na kwa RAID 5 zilizobaki zinatosha kuhesabu kila kitu. Kazi ni kugundua mpangilio wa zamani kwenye nakala. Angalia sana sekta ya kuanzia data, kwa kuwa matoleo ya mdadm yametofautiana hapo.

Kwenye kadi, uanzishaji wa haraka hufuta mwanzo na mwisho tu, ingawa ukaguzi wa pariti unaweza kuendelea kimyakimya nyuma yake. Uanzishaji kamili huandika sifuri kila mahali, na ulipopita hakirudi kitu.

## Diski inagonga au haizunguki

Chomoa umeme. Kichwa cha kusomea huelea nanomita chache juu ya sahani, na kilichovunjika hukwangua data kila sekunde inayopita. Usifungue diski. Usiiweke kwenye friji, kwani unyevu utakaoganda kwenye sahani utamaliza kazi. Kubadilisha bodi ya chini na ya diski inayofanana nako hakutoshi siku hizi, kwa sababu chipu ya bodi hiyo ina vipimo vya diski ile peke yake na lazima ihamishwe nayo.

Hapa ndipo maabara inahitajika, vilevile ikiwa diski zisizosomeka zimezidi kiwango cha kundi na faili hazina nakala kwingine. Peleka diski zote, pamoja na nzima, zikiwa na namba za nafasi, na ueleze kwa ukweli kila kilichojaribiwa. Omba orodha ya faili zilizopatikana, na sampuli za kubwa, kabla ya kulipa.

## Faili zimefutwa, diski zote ni nzima

RAID ilifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Tafuta picha za hali ya awali (snapshot) za mifumo ya faili ya Btrfs au ZFS kama zilikuwa zimewashwa. Zisipokuwepo, PhotoRec inaweza kuokota faili kutoka kwenye kundi lililounganishwa, bila majina yake. Kwenye SSD zenye TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi ipi imeachwa wazi, nafasi iliyofutwa mara nyingi husomeka sifuri ndani ya muda mfupi.

## Kuhakikisha kilichookolewa

Orodha ya majina si ushahidi. Fungua faili kubwa hadi mwisho wake, endesha ukaguzi wa ndani wa hifadhidata, jaribu kufungua faili za zip, na pale zilipo alama za sha256 za zamani, zilinganishe. Hifadhi matokeo kwenye diski ambazo hazikuwa sehemu ya kundi. Diski za asili zikae pembeni zikiwa na lebo zake, bila kufomatiwa, hadi wenye faili hizo wawe wamezitumia na kuridhika kwamba ni kamili.